Je, wajua torenti inajua kupisha njia?

Ukitaka kujua watengenezaji wa programu walikuwa wakimfikiria nani, fungua ukurasa wake wa mipangilio. Katika programu nyingi za torenti utakuta idadi ya juu ya miunganisho, nafasi za kupakia kwa kila faili, namba ya poti, UPnP, NAT-PMP, DHT. Anayeelewa yote hayo hahitaji kusaidiwa. Asiyeelewa, na hao ndio wengi, hufunga ukurasa asiguse kitu, au hubadilisha namba kwa kubahatisha na kuharibu kilichokuwa kikienda vizuri. Mwishowe lawama humwangukia torenti: ni ya wezi wa filamu, inamaliza mtandao wa nyumba nzima, ifutwe.

Lawama hizo zinaniudhi, kwa sababu kitu chenyewe ni kizuri. Tangu mtengenezaji wa programu Bram Cohen alipoitoa BitTorrent mwaka 2001, wazo limebaki lilelile: faili hukatwa vipande, na kila anayepakua humgawia mwenzake vipande alivyokwisha kupata. Badala ya seva moja kulemewa, wateja wanahudumiana. Wazo la namna hiyo lilistahili kumfikia kila mtu. Lililolizuia ni ule ukurasa.

Tuchukue mstari wake mmoja tu: kikomo cha kasi ya kupakia. Laini nyingi za nyumbani hupewa kasi kubwa ya kupakua na kasi ndogo ya kupakia. Torenti ikijaza njia hiyo ndogo, pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, hupanga foleni ndani ya modemu. Katika foleni hiyohiyo zimo risiti fupi ambazo kompyuta yako inapaswa kurudisha ili iendelee kuletewa data. Risiti zikichelewa, anayekutumia naye hupunguza mwendo. Ndiyo maana kugawa kwa pupa huharibu hata kupakua, na mtu wa chumba cha pili aliyefungua gazeti anaona kurasa haziji.

Dawa ya zamani ilikuwa kumwambia mtumiaji apime kasi ya laini yake, achukue kama asilimia 80 ya kasi ya kupakia, aiandike kwenye kisanduku. Hapo alikuwa amewekewa mtego. Kampuni za mtandao hutangaza kasi kwa megabiti, programu huuliza kwa kilobaiti, na baiti moja ina biti 8. Laini ya megabiti 1 kwa sekunde hupitisha kilobaiti 125, basi. Aliyeandika 800 akidhani amejizuia hakujizuia hata kidogo. Na laini yenyewe haitulii: jioni majirani wote wakiwa mtandaoni, namba iliyokuwa sahihi asubuhi inakuwa uongo.

Mwaka 2010 programu ya uTorrent, katika toleo lake la 2.0, iliwaletea watumiaji utaratibu uitwao uTP, ambao uliifanya hesabu hiyo ifanywe na mashine. Wazo lililo ndani yake, LEDBAT, lilichapishwa rasmi kama waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 6817, mwezi Desemba 2012. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi nadhifu zaidi zilizowahi kufanyika kwa ajili ya mtumiaji wa kawaida, na wengi wanaoitumia hawajawahi kuisikia.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila pakiti huondoka ikiwa imeandikwa saa yake ya kuondoka, kwa maikrosekunde. Kompyuta inayopokea huitoa saa hiyo kwenye saa yake yenyewe, kisha humrudishia mtumaji jibu. Ajabu ni kwamba saa za kompyuta hizo mbili hazilingani. Iliyoko Mwanza inaweza kuwa mbele ya iliyoko Oslo kwa dakika tatu, kwa hiyo jibu hilo peke yake halimwambii mtu kitu. Programu haihangaiki kuzilinganisha. Inatunza jibu dogo kuliko yote iliyoyapata katika dakika mbili hivi zilizopita na kulichukua kuwa safari ya njia tupu. Kosa la saa limo katika kila kipimo kwa kiasi kilekile, hivyo ukitoa kile kidogo kwenye cha sasa, kosa linajifuta. Kinachobaki ni muda ambao pakiti ilisimama kwenye foleni. Dereva wa daladala aliyeizoea njia yake hujua hivyohivyo kuwa leo kuna foleni: analinganisha safari ya leo na ile ya siku barabara ilipokuwa nyeupe.

Shabaha ni milisekunde 100. Foleni ikiwa chini ya hapo, programu huongeza kasi taratibu; ikizidi, hupunguza. TCP, utaratibu wa kawaida wa kusafirisha data, hungoja mpaka pakiti ipotee ndipo ipunguze, na wakati huo foleni imekwisha kuwa ndefu. Torenti yenye uTP huiona foleni inapoanza tu. Ukipiga simu ya video, inajirudisha nyuma. Ukikata, inachukua tena nafasi iliyobaki. Hakuna aliyegusa kisanduku. Kasoro inayo: mgeni anayeanza kutuma wakati foleni tayari ipo huweza kuidhania kuwa ndiyo njia tupu, akambana aliyemtangulia. Hata hivyo inamzidi mbali mtu anayekisia namba.

Funzo lake ni kubwa kuliko torenti. Kinachopimika, mashine ikipime. Ukurasa wa mipangilio ubakiwe na yale ambayo mashine haiwezi kuyajua: nini kigawiwe, nani analipia, na lini ikome.

La kwanza lina ushahidi mchungu. Mwaka 2003 watafiti Nathaniel Good na Aaron Krekelberg walichapisha utafiti wao kuhusu Kazaa, programu ya kugawana faili iliyovuma wakati huo. Waliwapa watu 12 kompyuta ambayo diski yake nzima ilikuwa wazi kwa dunia, wakawauliza ni nini kinachogawiwa. Wawili tu ndio waliopata jibu sahihi. Wale kumi hawakuwa wajinga. Skrini iliyowaficha ukweli huo ndiyo iliyoshindwa.

La pili linatuhusu sisi zaidi. Afrika Mashariki watu wengi huingia mtandaoni kwa bando la simu. Torenti inayopisha njia kwa adabu zote bado italimaliza bando usiku, maana ikishapakua huendelea kuwagawia wengine. Nayo si torenti peke yake. Windows 10 ilipotoka Julai 2015 ilikuja na Delivery Optimization, ambayo hugawa masasisho kutoka kompyuta hadi kompyuta. Katika matoleo ya Home na Pro ilikuwa imewashwa tangu mwanzo, ikiwahudumia hata watu usiowajua kwenye intaneti. Kuna swichi ya kuijulisha Windows kuwa mtandao huu una kikomo, na ikiwashwa kugawa huko hukoma. Lakini Wi-Fi kwa kawaida huhesabiwa kuwa haina kikomo, na hotspoti ya simu yako, mbele ya kompyuta, ni Wi-Fi. Aliyeupanga utaratibu huo hakumfikiria mtu anayenunua GB 1 kwa siku.

Upande wa pili wa uzembe huo ni upotevu. Maabara ya chuo yenye kompyuta 40 huweza kuvuta sasisho lilelile mara 40 kupitia laini moja, ilhali kompyuta moja ingelipokea na kuzigawia nyingine ndani ya chumba bila kugusa laini ya nje. Uwezo huo upo katika Windows na katika programu nyingi za torenti. Lakini haufanyi kazi ukiwa umezimwa, au ruta ikiwa imewekwa kuzitenga kompyuta zisionane, na hakuna mwenye jukumu la kuangalia.

Lini ikome, au angalau ipunguze mwendo? Transmission, programu ya torenti iliyotoka mwaka 2005, imejibu kwa kitufe chenye picha ya kobe. Bonyeza, kasi inashuka; bonyeza tena, inarudi. Mtoto anaelewa.

Kuhusu ile namba ya poti, yaani mlango ambao wengine huifikia programu yako: ukiwa kwenye modemu ya laini ya simu, yaelekea anwani yako ya intaneti mnaitumia wengi, na mlango wa kufungua hauko mikononi mwako. Programu iseme hivyo kwa sentensi moja na iendelee na kazi, kwani itafanya kazi, ingawa itafikiwa na wachache zaidi.

Na matumizi? Mifumo ya kompyuta ya Ubuntu na Debian hugawiwa kwa torenti, pia LibreOffice, hazina ya Internet Archive, na mafurushi ya Kiwix yenye Wikipedia ya kusoma bila intaneti, yanayozifaa sana shule zisizo na mtandao. Hata nje ya torenti wazo hilo la kuhudumiana linatumika: programu ya Syncthing hulinganisha mafaili yako kati ya vifaa vyako. LEDBAT nayo imechukuliwa na Apple kwa masasisho yake.

Kwa vijana wanaotengeneza programu hapa kwetu: msimuulize mtu idadi ya miunganisho. Muulizeni kwa Kiswahili, "Unatumia bando?" na "Folda gani wengine waione?", kisha mengine yafanyeni wenyewe. Nawe msomaji, leo hii fungua mipangilio ya mtandao kwenye Windows yako, iambie kwamba hotspoti ya simu yako ina kikomo, kisha hakikisha kugawa masasisho kumeishia kwenye kompyuta za ndani.