Kumsaidia kijana Mkristo kukataa pombe pale marafiki wanapomwambia "onja kidogo tu"

Makala haya ni kwa mzazi, mlezi au kiongozi wa vijana kanisani anayeishi katika makazi ya wakimbizi hapa Uganda, awe mkimbizi au mwenyeji. Kama una kijana wa miaka 12 hadi 18, iko siku atapewa pombe na mtu wa umri wake. Pengine imeshatokea na wewe hujaambiwa.

Wazazi wengi wanadhani kijana anayeimba kwaya yuko salama. Lakini mara nyingi pombe ya kwanza haitolewi na mlevi wa senta. Inatolewa na rafiki, na wakati mwingine rafiki huyo ni mwanakwaya mwenzake, wakiwa njiani kutoka mazoezini.

Shinikizo linavyokuja

Ni mara chache mtu atamwambia mtoto wako, "Kunywa au nitakupiga." Shinikizo huja kwa upole. Vijana wanachanga pesa ya soda, kisha mmoja anamimina waragi ndani ya chupa ya soda na chupa inazunguka. Ikifika kwako, kila mtu anakutazama. Usipokunywa unaonekana unawahukumu wengine. Ukinywa, kicheko kinaendelea na wewe ni mmoja wao.

Mahali penyewe panajulikana: kwenye kibanda cha mpira usiku wa mechi kubwa, harusini, matangani, siku mitihani inapoisha, mkesha wa Mwaka Mpya baada ya ibada. Maneno nayo yanajulikana. "Mlokole huyu." "Mtoto wa pasta." "Bado unaomba ruhusa kwa mama?" Kwa mvulana huongezwa kwamba mwanaume hakatai. Kwa msichana mara nyingi huwa ni kijana mkubwa kidogo anayemnunulia, na hapo hatari si pombe peke yake.

Kwa mtoto mkimbizi kuna uzito mwingine ambao mtoto mwenyeji huenda hauhisi. Aliacha marafiki wake Kongo, Burundi au Sudan Kusini. Alifika hapa hajui Kiluganda wala Kinyankole, akawekwa darasani na watoto wadogo kuliko yeye. Kundi alilolipata sasa ndilo pekee alilo nalo. Unapomwambia "achana na hao marafiki wabaya," yeye anasikia "kaa peke yako." Ndiyo maana amri hiyo pekee haifanyi kazi, hata ukiitoa kila jioni.

Ongeza na kukosa la kufanya. Ada ya sekondari haipo, msaada wa chakula umepunguzwa, shamba ni dogo. Kijana mwenye kazi ya kufanya alasiri ana sababu ya kuondoka kijiweni. Asiye na kazi hana sababu hiyo.

Kilichomo ndani ya chupa

Mweleze mtoto wako mambo ya kweli bila kutia chumvi. Ukimwambia kwamba atakufa kwa kunywa mara moja, kisha amwone rafiki yake amekunywa na kesho yuko mzima, hatakuamini tena.

Ukweli wenyewe unatosha. Sheria ya Uganda inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Ubongo wa binadamu unaendelea kukua hadi karibu miaka 25, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ile inayotusaidia kujizuia na kupima matokeo ya jambo. Pombe inagusa hasa sehemu hiyo. Kadiri mtu anavyoanza mapema ndivyo uwezekano wa kuwa mtumwa wa pombe ukubwani unavyoongezeka. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya.

Kisha kuna hesabu ya chupa. Pombe kali ya vipakiti ilipigwa marufuku Uganda mwaka 2019, lakini chupa ndogo za plastiki zimechukua nafasi yake. Chupa ya mililita 200 yenye nguvu ya asilimia 40 ina pombe kuliko bia tatu za nusu lita. Mtoto wa miaka 14 mwenye mwili mdogo, aliyeshinda na kikombe kimoja cha uji, akinywa nusu yake kwa mkupuo anaweza kuzimia. Ini huchukua takriban saa moja kusafisha kiasi kidogo tu cha pombe, na hakuna kahawa, maji baridi wala ndimu inayoliharakisha.

Pombe ya kienyeji iliyochujwa kwa moto ina hatari nyingine. Iwe waragi ya kupika, kanyanga au lotoko, hakuna anayepima nguvu yake, na wako wauzaji wanaoongeza vitu. Mwaka 2010, huko Kabale, makumi ya watu walikufa baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli, kemikali ya viwandani. Methanoli huwezi kuitambua kwa harufu wala kwa ladha. Dalili zake zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi: kichwa kuuma sana, tumbo kuuma, macho kuona ukungu, pumzi kwenda mbio. Mtu mwenye dalili hizo asipelekwe kulala. Apelekwe kituo cha afya mara moja, hata usiku.

Maswali atakayokuuliza

Kijana anayesoma Biblia atakuuliza: "Mbona Yesu aligeuza maji kuwa divai kule Kana? Mbona Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake?" Usimkemee. Ni maswali ya haki, na wenzake watayatumia kumshawishi. Hapa makanisa yetu yenyewe hayafanani. Mkatoliki na Mwanglikana wanatumia divai kwenye Ekaristi. Mpentekoste na Msabato hawagusi kabisa. Kijana anaziona tofauti hizo kila wiki kwa sababu jirani zake ni wa makanisa hayo yote.

Jibu la uaminifu ni kwamba Wakristo wazima hawakubaliani kama mtu mzima anaweza kunywa kidogo, lakini hakuna kanisa linalofundisha kwamba mtoto anywe waragi kijiweni, na yote yanakubaliana kwamba ulevi ni dhambi. Anachoulizwa yeye leo si suala la divai ya Kana. Anaulizwa kama atafanya jambo ambalo sheria inakataza, wazazi hawajui, na yeye mwenyewe hakulichagua.

Kwa maoni yangu kuna habari mbili za Biblia zinazomfaa kijana wa makazi kuliko orodha yoyote ya mistari ya kukataza. Ya kwanza iko katika Danieli sura ya 1. Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi yao, wakapelekwa Babeli, wakafundishwa lugha ya kigeni na kupewa majina mapya. Kisha wakawekewa chakula na divai ya mfalme. Soma na mtoto wako jinsi Danieli alivyokataa. Hakuwatukana wenye meza. Aliomba kwa adabu. Mkuu alipoogopa, Danieli alimwendea msimamizi na kumpa njia nyingine, yaani mboga na maji kwa siku 10, halafu waangaliwe. Na hakuwa peke yake, walikuwa wanne. Kila hatua katika habari hiyo inaweza kufanywa na mtoto wa Nakivale au Kyangwali.

Ya pili haijulikani sana. Yeremia sura ya 35 inasimulia juu ya Warekabi, watu wa mahema ambao babu yao aliwakataza divai. Jeshi la Nebukadneza lilipokuja walikimbilia Yerusalemu. Wakiwa huko ugenini, waliwekewa mitungi na vikombe mbele yao ndani ya hekalu, na nabii mwenyewe akawaambia wanywe. Walikataa, wakasema sisi nyumbani kwetu hatunywi. Hawakuhubiri, walitaja tu utaratibu wa familia yao. Kijana anaweza kutumia njia hiyo hiyo: "Kwetu hatunywi, unajua hilo."

Maneno ya kukataa, na mazoezi yake

Kukataa ni kama wimbo wa kwaya, lazima ufanyiwe mazoezi kabla ya Jumapili. Mtoto ambaye hajawahi kutamka sentensi yake kwa sauti hataikumbuka chupa ikiwa mkononi. Jaribuni nyumbani, wewe ukiwa yule rafiki mshawishi. Mtacheka, na kicheko hicho kina faida yake.

Sentensi iwe fupi. "Hapana, mimi niko na soda yangu." "Sinywi, kesho nina mechi." "Nikikohoa tu mama ananusa, niache." Hii ya mwisho inakusingizia wewe mzazi ukali. Kubali kusingiziwa. Maelezo marefu huwapa wenzake nafasi ya kubishana, na mahubiri huwafanya wakasirike. Akirudia mara mbili na bado wanamsukuma, aondoke. Kuondoka nako kunahitaji mpango, kwa hiyo mkubaliane ishara. Akikubipu mara mbili mfululizo, wewe unampigia na kumwambia kwa sauti kubwa arudi haraka, kuna kazi. Wenzake watamhurumia tu. Kama hana simu, mkubaliane nyumba ya jirani au ya shemasi anayoweza kwenda saa yoyote bila kuulizwa maswali usiku huo.

Jambo linalosaidia kuliko yote ni mwenzake mmoja. Kijana anayekataa akiwa peke yake anaonekana wa ajabu. Wakiwa wawili, hayo ni maoni. Kiongozi wa vijana, wapange wawili wawili kabla ya harusi au mkesha, na usiwapange mbele ya watu wote. Na mkesha ukiisha saa nane usiku, usiwaache watoto watembee wenyewe hadi vijiji vya mbali. Mtu mzima awasindikize, au walale kanisani hadi alfajiri.

Kama pombe inapikwa nyumbani kwako

Hapa wengi wananyamaza, na mtoto anaona. Wako akina mama Wakristo, wajane hasa, wanaopika tonto, kasiksi au waragi kwa sababu hiyo ndiyo biashara inayolipa daftari na sabuni. Sikuandiki ili nikuhukumu. Najua mgao umepungua na ugali hauji wenyewe.

Lakini mtoto wako ana kazi ngumu kuliko wengine. Marafiki wanamwambia awaletee. Wateja wanamtuma, wanamwonjesha, na wakilewa wanaweza kumshika vibaya. Kama huwezi kuacha leo, weka mipaka leo. Mtoto asiuze, asionje ili kupima ukali, asiamshwe usiku kuhudumia mteja. Wateja wakae nje, mbali na pale anapolala. Mwambie ukweli: "Nafanya hivi kwa sababu ya njaa, na sitaki uwe mteja wangu." Kisha zungumza na kikundi chako cha kuweka na kukopa, au na kanisa, juu ya kubadili biashara hatua kwa hatua, kwa mfano sambusa, mkaa au mboga. Pasta anayehubiri dhidi ya pombe bila kuchangisha mtaji wa mama mmoja kama huyo amefanya nusu ya kazi.

Na baba anayerudi amelewa Jumamosi na kuketi mbele ibadani Jumapili ajue kwamba maneno yote ya makala haya yatapita juu ya kichwa cha mwanawe.

Akirudi amekunywa

Usimpige usiku huo na usimhubirie, hatasikia. Angalia kwanza kama anajibu akiitwa. Mlaze kwa ubavu ili akitapika asikabwe, na mtu akae naye. Usimlazimishe kutapika, usimmwagie maji baridi. Kama hawezi kuamshwa, anapumua polepole sana, mwili umekuwa baridi au ana degedege, mpeleke kituo cha afya.

Asubuhi, baada ya kula, muulize mambo matatu kwa utulivu: nani alikuwepo, ilianzaje, na ni wakati gani alitamani kuondoka. Hilo la tatu ndilo litakuonyesha mpango wenu ulipovunjika. Adhabu iwepo, lakini iwe ya kueleweka, na siri yake usiitangaze kwenye maombi ya kikundi. Kijana aliyeaibishwa kanisani atarudi kwa wale ambao hawakumwaibisha.

Kama kuna duka linalouzia watoto, mwone mwenyekiti wako wa wakimbizi (RWC) pamoja na mwenyekiti wa LC1. Waende wote wawili, kwa sababu muuzaji anaweza kuwa mkimbizi na wanunuzi wakawa wenyeji, au kinyume chake. Kama mtoto amelazimishwa kunywa, ameguswa vibaya akiwa amelewa, au unywaji umekuwa wa kila wiki, piga simu ya bure ya Sauti, namba 116, inayoshughulikia ulinzi wa watoto Uganda nzima. Mkimbizi anaweza pia kupiga bure 0800 323232 na kuzungumza kwa Kiswahili. Mtoto mwenyewe anaruhusiwa kupiga 116 bila ruhusa yako, na ni vizuri aijue namba hiyo kichwani.