Je, Dhahabu Yaweza Kutolewa Bila Sayanaidi?

Mkulima, ikiwa shamba lako liko upande wa Migori au Kakamega, huenda umekwisha kuona watu wakichimba na kusaga mawe ya dhahabu. Akija mtu kukodi sehemu ya shamba na kukuambia, "Dawa yetu si sayanaidi, haina ubaya," fahamu kwanza mambo haya.

Sayanaidi ni sumu kali. Njia yake ilivumbuliwa Scotland mwaka 1887, nayo hupendwa kwa sababu huyeyusha hata dhahabu isiyoonekana kwa macho. Lakini maji yake yakitoroka, huua. Huko Rumania, mwezi wa Januari 2000, ukingo wa bwawa la mgodi ulibomoka. Sumu iliingia mitoni, ikafika Hungaria, na samaki wengi mno wakafa.

Ni kweli kwamba dawa nyingine ziko. Ya kwanza ni thiosalfeti. Aina yake moja hutumiwa hata kuwa mbolea. Mgodi wa Goldstrike, Nevada, Marekani, ulianza kuitumia mwaka 2014. Ya pili ni glaisini, ambayo imo katika nyama tunayokula. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, wameifanyia kazi. Ya tatu ni boraksi. Hii haiyeyushi dhahabu ndani ya maji. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, huosha mchanga mpaka ubaki ule mzito, kisha huutia boraksi na kuuchoma. Dhahabu hujitenga na takataka bila zebaki.

Je, dawa hizi hazina madhara kabisa? Sivyo. Thiosalfeti mara nyingi huchanganywa na amonia na shaba, na vyote viwili huua samaki. Tena mchanga uliokwisha kutumiwa na wachimbaji wadogo mara nyingi una zebaki, na mawe mengine yana aseniki. Dawa ikibadilishwa, sumu hizo hubaki pale pale.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, uliza:

1. Dawa hiyo inaitwaje, na karatasi zake ziko wapi?
2. Maji machafu yatawekwa wapi, na chini ya bwawa kumetandikwa nini?
3. Leseni ya NEMA iko wapi?
4. Kazi ikiisha, nani atafukia mashimo na kuondoa mchanga?

Majibu yaandikwe katika mapatano. Asiyetaka kuyaandika, usimkodishe shamba, hata akiongeza kodi. Kisima kikiingia sumu, fedha hizo hazitakisafisha.