Fahamu: Modi za gemu za mbio za magari, na kwa nini zina maana Goma

Modi ni faili ambalo mchezaji hulipachika kwenye gemu ili kuongeza gari, barabara au sauti ambayo watengenezaji hawakuiweka. Gemu la Richard Burns Rally la mwaka 2004 lingali hai kwa sababu mashabiki wameendelea kulijengea njia mpya.

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, unaingiaje?

Kampuni za gemu huchora barabara zenye soko. Safari Rally ya Kenya iliingia katika gemu la WRC 9 mwaka 2020 kwa sababu ni sehemu ya mashindano ya dunia. Barabara ya Goma kwenda Sake haina kombe. Mawe meusi ya lava ya volkano ya Nyiragongo, iliyopita katikati ya mji mwaka 2002, na chukudu, yaani skuta za mbao, zilizosheheni makaa, vitachorwa na mwenyeji au havitachorwa kabisa.

Wapo wanaosema kutengeneza modi ni wizi. Kunakili gari lililochorwa na mwingine na kuliuza bila ruhusa ni wizi kweli. Kuchora barabara ya kwenu kwa mkono wako, katika gemu linaloruhusu, ni kazi halali. Wengine watasema ni anasa mahali penye vita. Lakini anayejifunza kuchora kwa kompyuta anapata ufundi unaotumika pia kwenye ramani na filamu, na Blender, programu ya kuchorea, hupakuliwa bure.