Makato ya NSSF: Hati ya mshahara haitoshi

WILAYA za Ngara na Biharamulo zimezoea waajiri wanaokuja na kuondoka. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na mashirika ya misaada yakaajiri madereva, wauguzi, walinzi na makarani katika kambi za Ngara. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, na kazi nyingi zikaisha. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, Biharamulo, ulianza uzalishaji mwaka 2005, na mwaka 2013 ukaingia mikononi mwa STAMICO.

Mwajiri akishafunga ofisi, anayemdai michango isiyowasilishwa ana kazi ngumu. Ndiyo maana akaunti hukaguliwa kazi ikiwa bado ipo.

Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri na mfanyakazi hugawana nusu kwa nusu. Kwa mshahara wa Sh. 400,000, hizo ni Sh. 80,000 kila mwezi. Hati ya mshahara huonyesha tu kwamba Sh. 40,000 za mfanyakazi zimekatwa. Haionyeshi kama zilifika kwenye Mfuko. Mwajiri asipowasilisha kwa miezi mitano, kinachokosekana ni Sh. 400,000, mshahara mzima wa mwezi.

Ushahidi ni taarifa ya michango inayotolewa na NSSF yenyewe, ofisini au kwa simu ya mkononi, jambo lenye nafuu kwani kwa mtu wa Rulenge, Bukoba si karibu. Taarifa hiyo hulinganishwa na hati za mshahara mwezi kwa mwezi. Mwezi wa karibuni usipoonekana si lazima iwe hila, kwa kuwa mwajiri hupewa mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha. Pengo la miezi mitatu ni la kuulizia kwa maandishi, kwa mwajiri na kwa Mfuko.

Aliyehama kazi mara nyingi huenda ana namba mbili, hasa kama jina liliandikwa tofauti. Namba hizo ziunganishwe. Pensheni ya uzee hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Tulawaka ya 2005 hadi 2013 peke yake haifiki huko.

Kumbukumbu za zamani nazo zina mahali pake. Aliyekatwa NPF wakati wa kambi aulizie NSSF, kwani Mfuko huo ulianzishwa kwa Sheria Na. 28 ya 1997 kuchukua nafasi ya NPF. Aliyekuwa PPF aende PSSSF, iliyounganisha PPF, PSPF, LAPF na GEPF mwaka 2018. Hati za zamani za mshahara zisichomwe.