Kusoma si Kuimba Silabi

Mzazi apitaye karibu na darasa la kwanza wakati wa asubuhi husikia sauti za watoto zikipaa kwa pamoja: ba, be, bi, bo, bu. Hupendezwa, akaenda zake akiamini kwamba mwanawe anajifunza kusoma. Imani hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mtoto yuleyule akipewa neno ambalo hajapata kuliona ubaoni, yumkini atalitamka kipande kwa kipande mpaka afike mwisho asijue ametamka nini. Akisomewa imla, ataandika "ni lipo fika" badala ya "nilipofika," na "kura chakula" badala ya "kula chakula." Hapo huambiwa kuwa ni mzito wa akili, ilhali pengine hakuna aliyemfundisha neno ni kitu gani.

Kiswahili kimejaliwa maandishi mepesi. Irabu zake ni tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyogeuka. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki ilisaidia kuweka utaratibu mmoja wa kuendeleza maneno, hata leo mtoto aliyezimudu silabi anaweza kutamka karibu kila neno aonyeshwalo. Urahisi huo ni neema, lakini ndio pia unaotudanganya. Tunasikia utamshi, tukadhani ni usomaji.

Tulitazame neno "hatutawasomesha." Neno hilo moja ni sentensi nzima. Mtoto wa silabi atalikata hivi: ha-tu-ta-wa-so-me-sha. Vipande ni saba, na matatu ya mwisho hayamwambii chochote. Mtoto aliyezoezwa kuyachunguza maneno naye atapata vipande saba, lakini atakata penginepo: ha-tu-ta-wa-som-esh-a. Huyu anaona kwamba "ha" inakanusha, "tu" ni sisi, "ta" ni wakati ujao, "wa" ni wao, "som" ndio mzizi, na "esh" inaonyesha kumfanya mwingine asome. Wa kwanza ametoa sauti. Wa pili amepata habari.

Mtaalamu wa Marekani, Linnea Ehri, ameeleza kwamba mtoto hupanda ngazi katika kuyajua maneno. Kwanza hulitambua neno kwa umbo au rangi yake, kama alijuavyo jina lililoandikwa kwenye chupa ya soda. Kisha hushika herufi chache na kuyabahatisha yaliyobaki. Baadaye huweza kuunganisha kila herufi na sauti yake. Mwishowe huyaona mafungu ya herufi kwa mara moja, bila ya kuhesabu moja moja. Shule zetu nyingi humfikisha mtoto kwenye ngazi ya tatu, zikamwacha hapo. Ngazi ya nne ndiyo inayohitaji uchunguzi wa maneno.

Uchunguzi huo huanzia masikioni. Mwalimu huweka maneno mawili mawili ambayo tofauti yake ni ndogo, kisha huwauliza watoto maana: kula na kura, mahali na mahari, dhana na zana, shaka na saka. Ziko lugha za nyumbani zisizotenganisha "l" na "r," na mtoto aliyelelewa katika lugha hizo hakosei kwa uvivu. Sikio lake halijazoezwa. Fimbo haiwezi kulizoeza, bali mazoezi huweza. Vivyo hivyo kwa irabu mbili zinazofuatana. Mtoto akishajua kwamba "kufa" na "kufaa" ni mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa, hatakuwa mwepesi wa kuidharau "a" ya pili.

Baada ya sauti huja jamaa za maneno. Kutoka "soma" watoto huweza kukusanya somo, msomi, msomaji, kisomo, somesha na someka, wakaona kwamba mzizi ni uleule. Kisha waulizwe: apikaye ni mpishi, aandikaye ni mwandishi, atumikaye ni mtumishi, je, ile "k" imekwenda wapi? Wataona wenyewe kwamba imegeuka "sh." Alindaye ni mlinzi, apendaye ni mpenzi, ajengaye ni mjenzi, hapa nazo "d" na "g" zimegeuka "z." Ingawa si maneno yote yafuatayo njia hiyo, mtoto aliyeigundua hahitaji kukariri kila neno peke yake.

Hata lile kosa la kuyakatakata maneno lina dawa yake. Mwalimu aandike "hatutakuja," kisha awaambie watoto waiondoe "tu" na kutia "wa," halafu watie "m." Watapata hawatakuja na hamtakuja. Wataona kwamba "ha" na "ta" ni viungo vya mwili mmoja, havisimami peke yake. Hapohapo waonyeshwe "kwa hiyo" na "kwa sababu," ambayo huandikwa mbalimbali. Somo kama hili halihitaji zaidi ya chaki na robo saa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Malenga aliyepima mizani 16 katika mshororo wa shairi, nane huku na nane huku, alikuwa mchunguzi wa silabi. Alijua kwamba "mtoto" ina mizani tatu na "mboga" mbili, ingawa yote mawili huanza na "m." Watoto wa pwani walicheza kinyume, wakaihamisha silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza mbele, hata mgeni asiwaelewe. Mchezo huo ulikuwa zoezi la maneno lisilo na mwalimu wala viboko. Kwa nini basi darasa liyaache nje ya mlango yale ambayo uwanja uliyafundisha kwa furaha?

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya sarufi, nayo yangoje madarasa ya juu. Sisi hatutaki mtoto wa miaka saba akaririshwe istilahi. Asiambiwe habari za viambishi. Aonyeshwe tu maneno, aulizwe yanafanana wapi na kutofautiana wapi. Aidha, kungoja kuna gharama. Tangu darasa la tatu mtoto hutakiwa asome ili ajifunze mambo mengine. Akikutana na hesabu isemayo, "Machungwa yaliyosalia ni mangapi?" huweza kushindwa ingawa kutoa anakujua, kwa sababu "yaliyosalia" kwake ni mlolongo wa sauti tu. Atapewa sifuri ya hisabati kwa kosa la kusoma, naye ataamini kwamba hisabati haikuumbwa kwa ajili yake.

Hofu hii si ya kubuni. Tathmini za Uwezo zilizofanyika Tanzania, Kenya na Uganda katika miaka ya 2010 zilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 Tanzania iliubadili mtaala wa madarasa mawili ya kwanza ili mkazo uwe katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Hatua hiyo ilistahili sifa. Lakini mtaala ni karatasi mpaka mwalimu aupe uhai, naye mwalimu mwenye watoto wengi katika chumba kimoja hushawishika kurudi kwenye kiitikio, kwani huko darasa zima husikika likijibu.

Kwa hiyo tunawaomba walimu waitazame imla kwa jicho jipya. Kosa la mtoto lisihesabiwe tu kwa wino mwekundu, lisomwe. Aandikaye "ana kuja" na aandikaye "anakuja" kwa "anakunja" hawaumwi ugonjwa mmoja, wala haifai wapewe dawa moja. Wazazi nao, hata wasio na vitabu, wanayo maandishi kwenye mfuko wa unga, kwenye karatasi ya sabuni na kwenye ubavu wa basi. Mtoto na aulizwe neno lile linasemaje, limetoka katika neno gani, na ni neno gani jingine la jamaa yake. Neno moja kwa siku linatosha. Haba na haba hujaza kibaba, na mtoto aliyeyazoea maneno hivyo hataliogopa neno refu atakapolikuta peke yake katika chumba cha mtihani.