Wachache Mno kwa Barabara: Rekodi za Vijijini India

Mpango mkubwa wa barabara za vijijini nchini India, ulioanza Desemba 2000, huhesabu vichwa kwanza. Kwenye nchi tambarare, makazi yalitakiwa yawe na watu 500 ndipo yapate barabara inayopitika mwaka mzima. Milimani na jangwani, 250. Mkipungua hapo, subirini. Rekodi nyingi za hapa chini ni za waliosubiri, au waliochoka kusubiri.

Kituo chenye wapiga kura wachache kabisa ni cha Malogam, jimbo la Arunachal Pradesh, jirani na mpaka wa China. Mama mmoja tu ndiye mwenye jina kwenye daftari. Kanuni inasema mpiga kura asiwe mbali na kituo zaidi ya kilomita 2, basi mwaka 2019, na tena 2024, maofisa walijitwika mashine ya kura wakamfuata. Safari ya 2024 ilikuwa takriban kilomita 40 za milima, kwa miguu. Mama akapiga kura. Waliojitokeza, asilimia 100. Ila kama anataka barabara kwa kipimo kile cha milimani, atafute wenzake 249.

Kwa urefu kutoka usawa wa bahari kuna Komic, bonde la Spiti, mita 4,587. Bango lao linajitangaza kuwa kijiji cha juu kuliko vyote duniani kinachofikiwa na gari. Watu wa La Rinconada kule Peru, mita 5,100, wakilisoma watacheka, ingawa wao ni mji wa machimbo, si kijiji. Jirani wa Komic, kijiji cha Hikkim, kina ofisi ya posta tangu 1983, na barua zake zimezoea kuteremshwa kwa miguu hadi Kaza.

Lakini rekodi ninayoivulia kofia ni ya Gehlaur, karibu na Gaya, jimbo la Bihar. Kijiji kilizibwa na mlima. Kwenda ng'ambo ya pili ulilazimika kuuzunguka au kuuparamia. Mke wa Dashrath Manjhi, kibarua asiye na ardhi, alifariki 1959 bila kuwahi matibabu. Mwaka uliofuata Manjhi akashika nyundo na tindo. Inasimuliwa kwamba aliuza mbuzi wake kununua vifaa hivyo, na majirani wakamwita kichaa. Baadaye wengine walimletea chakula. Alichonga miaka 22, hadi 1982: njia ya mita 110 kwa urefu, upana wa mita 9 na ushei, na kina cha karibu mita 8 ndani ya mwamba. Kutoka Atri hadi Wazirganj, kilomita 55 zikawa 15. Alipofariki 2007 serikali ya jimbo ilimzika kwa heshima za kitaifa, na mwaka 2016 sura yake ikatiwa kwenye stempu. 

Nongriat, jimbo la Meghalaya, gari halifiki kabisa. Unashuka ngazi zaidi ya 3,000, kisha unavuka daraja la ghorofa mbili lililofumwa kwa mizizi ya miti iliyo hai.

Madhapar, wilaya ya Kutch, ni kinyume cha wote hao: watu wengi, pesa nyingi. Hutajwa miongoni mwa vijiji tajiri zaidi Asia kwa akiba zilizomo katika benki zake, na sehemu ya pesa hizo ni jasho la akina Patel waliohamia Kenya, Uganda na Tanzania. Ina rekodi nyingine ninayoipenda zaidi. Desemba 1971, vita na Pakistan vikiendelea, ndege zilibomoa kwa mabomu njia ya kurukia ndege ya Bhuj. Wanawake wapatao 300, wengi wao wa Madhapar, waliitengeneza kwa saa 72, wakiifunika kwa samadi ya ng'ombe ili marubani wa adui wasiione. Ving'ora vikilia walikimbilia vichakani, vikinyamaza wakarudi kazini.