Mbuzi wa Wajir na Siri ya Elektroni

Kuna swali ambalo limenichoma moyo kwa miaka mingi. Nilikuwa nikifundisha fizikia katika shule moja ya upili mjini Wajir. Siku moja niliwaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu kwamba elektroni husafiri polepole mno ndani ya waya. Msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, ikiwa zinatambaa hivyo, mbona taa huwaka papo hapo?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia akariri kanuni, maana ndiyo itakayotahiniwa. Akaketi, wala hakuuliza tena muhula wote.

Jibu nililipata jioni moja karibu na kisima. Kundi la mbuzi lilikuwa limetawanyika katika vichaka vya migunga, kila mmoja akienda upande wake, akigonga shina hapa na kugeuka pale. Mchungaji alipopiga mbinja, hawakunyoosha njia. Waliendelea kuhangaika, ila kundi zima likaanza kusogea kidogo kidogo kuelekea majini.

Hivyo ndivyo zilivyo elektroni ndani ya shaba. Kila moja hukimbia zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, lakini huku na huko, bila ya kufika popote. Betri ikiunganishwa, zote huanza kusogea upande mmoja. Katika waya wa shaba ambao mkato wake ni milimita mraba moja, nao unapitisha mkondo wa ampea moja, mwendo huo haufiki hata milimita 0.1 kwa sekunde. Kwa saa nzima ni kama sentimita 26 tu!

Taa basi huwakaje mara moja? Elektroni zimeujaza waya mzima tangu awali. Uga wa umeme, ambao ndio mbinja yetu, husambaa kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Kwa hiyo elektroni zilizo ndani ya taa huanza safari karibu wakati mmoja na zile zilizo kwenye swichi.

Mfano huu, hata hivyo, haukosi kasoro. Mnamo 1900, Mjerumani Paul Drude alidhani kwamba elektroni hugonga atomu kama mbuzi wagongavyo mashina. Mwaka 1928, Felix Bloch akaonyesha kwamba atomu zilizojipanga sawasawa si kizuizi. Kinachozikwaza elektroni ni mtetemo wa atomu utokanao na joto, pamoja na uchafu na dosari ndani ya shaba. Ndiyo maana ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Waya uliokuwa na digrii 20 ukifika digrii 40 katika jua la Wajir, ukinzani wake huwa umezidi kwa asilimia 8 hivi. Mwanafunzi aweza kulipima hilo mwenyewe kwa betri, waya mrefu na mita.

Walimu wenzangu, Wajir iliwapoteza walimu wengi mwaka 2018, baada ya wenzao kuuawa katika shule ya msingi ya Qarsa. Penye uhaba wa walimu, swali la mtoto ni mali; tusilizime kwa kanuni ya kukariri. Asiye na jibu na akiri, kisha alitafute pamoja na wanafunzi wake.

Yule msichana sijui aliko leo. Iwapo anasoma makala haya, jibu lake ndilo hilo, nami namwomba radhi kwa kumcheleweshea.